Pagala la Msongola

Dalali alisema, "Hapa pamebaki kidogo tu,"
kidogo chenyewe kikiwa paa, milango, madirisha,
sakafu, choo, na ukuta wa uani
ambao mwarobaini uliuomba nafasi
ukapewa.

Milioni sita na laki mbili.
Tulikuwa na tano na laki nane, za kibubu na za kikoba,
na kitanda cha mninga alichokipenda Kassian
kuliko alivyowahi kukiri.
Tukakiuza kitanda.
Mwenyekiti wa mtaa akagonga mhuri mara mbili,
wa kwanza haukushika wino,
nasi tukatoka ofisini kimya kama watu waliotoka kuiba.

Kuna mtu aliyeianza kabla yetu.
Tulimkuta ukutani, kwa mkaa,
herufi za mtu anayeelekeza mafundi huku amechelewa kazini:
SEBULE. STOO. Mshale: MAJI YAPITE HAPA.
Na kwenye chumba kinachopokea jua la asubuhi:
CHUMBA CHA MAMA.
Aliyetuuzia alikuwa mdogo wake. Sikuuliza.
Bei ilikuwa imeanguka kwa sababu fulani
na sisi tulikuwa tumeinama kuiokota.

Fundi Mwipopo alitaka elfu ishirini kwa siku,
na chai, na chapati mbili.
Tulimlipa siku mbili, tukamkodolea macho mikononi
kama wanaoibia mtihani.
Siku ya tatu tukamwambia tumeishiwa.
Hatukudanganya sana.

Tangu hapo Jumamosi na Jumapili ndizo fundi wetu.
Katikati ya wiki yeye hufufua friji za watu Gerezani,
mimi natoa kopi vyeti vya watu Ilala,
na jioni tunarudi Tandika kwenye godoro lililo chini,
kwa mwenye nyumba anayetaka miezi sita mkononi
na taa zizimwe saa nne.

"Karai nne za mchanga kwa moja ya saruji," anasema Kassian.
Mimi nasema tano, mfuko umepanda.
Tukabishana juu ya karai moja ya mchanga,
tukafika hadi kwa shangazi yake na mchango wa harusi,
na tulipomaliza, lipu ilikuwa imeshaganda,
imeamua mambo yake yenyewe.

Ukuta wa sebule umelala.
Kipovu cha pimamaji hakikukaa katikati hata siku moja.
Mama Ngwali wa jirani akapita na ndoo,
akainamisha shingo upande kidogo, kidogo tena,
akasema, "Mbona umenyooka."

Bati ni za ghala lililobomolewa, zina matundu ya misumari ya watu.
Tuliziba kwa lami, moja moja,
yeye juu, mimi chini namwonyesha panapopenya mwanga:
hapo, Kassian, hapana, kushoto kwako, kushoto kwako wewe.
Mvua ya kwanza ikatupatia mengine kumi na moja.
Sufuria, beseni, bakuli la harusi, kofia yake.
Tulicheka mpaka kwikwi ikamshika.

Kikabaki kile chumba kimoja.
Mama yangu yuko Kisarawe, ana kwake, na hataki kwetu.
Mama yake tulimzika Mahenge.
Kassian akashika mwiko, akasimama mbele ya mkaa ule
mpaka lipu ikaanza kumdondokea kwenye ndala.
"Tukiuacha huu ukuta," akasema, "tutaokoa nusu mfuko."
Nikasema ndiyo, nusu mfuko ni pesa.

Sasa tumehamia. Mlango wa mbele ni wa mbao za kreti,
bado unasema JUU KWA HUKU, nao umesimama chini juu.
Mle ndani tunaweka saruji, baiskeli, gunia la mkaa.
Mgeni akifika na begi namwambia,
"Weka chumba cha mama,"
na akiuliza mama yuko wapi,
Kassian, bila kugeuka, humwambia
amsogezee hiyo karai.