Kisu cha Greda

Simu imelia saa nne usiku, sufuria la wali bado jikoni.
"Nkwimba, mlima umeshuka Mkuyuni."
Ndivyo wanavyosema, umeshuka,
kana kwamba umekuja mjini kununua nguo za Krismasi.
Nikavua kitenge kipya, nikavaa ovaroli.
Mume wangu akafunika sufuria, hakusema neno.
Miaka sita sasa: Desemba ikiingia
mimi si mke wake, nimeolewa na barabara.

Hili si tope la kukanyaga na kucheka.
Limebeba mawe ya ukubwa wa mbuzi aliyelala,
mabua, ndala moja ya kushoto, godoro,
chupa za plastiki zilizoziba mtaro tangu Pasaka,
na mchanga waliouchimba watu kule juu, toroli baada ya toroli,
mpaka mwamba ukabaki unacheza kama jino bovu.
Ziwa haliko mbali, ila silioni.
Nalisikia tu likipokea maji yake
bila kutoa risiti.

Nashusha kisu. Greda inaguna, inasukuma.
Nyuma yangu lami inaonekana, nyeusi, inarudisha mwanga wa taa,
kwa dakika saba.
Kisha tope linarejea, taratibu, kama mdai
anayejua kwamba utakuwa nyumbani.
Nasukuma tena.
Mbele yuko Lugembe na kibendera kilicholowa hadi wekundu ukapotea,
anapuliza filimbi, basi la Kahama linataka kuwapita wenzake.
"We mama, tuna meli ya alfajiri!"
Mwingine anauliza kama dereva mwanamume hakupatikana.
Dizeli robo tangi.
Bosi anapiga simu kutoka mahali penye muziki.
Sipokei. Mkono wa kulia umekufa ganzi,
na wa kushoto hauwezi kazi ya wawili.

Lakini si hayo.
Hayo mtu huyazoea, kama harufu ya dagaa mwaloni.
Kinachonishinda ni swali ambalo chuoni hawakulifundisha:
tope ukilitoa barabarani, unalipeleka wapi?
Kushoto kuna mtaro, umeshiba, umekataa.
Kulia kuna nyumba.
Tope halina kwao. Kila unapolipeleka ni kwa mtu.

Saa nane na nusu nimelipeleka kwa Bi Nyanjura.
Niliona vizuri, taa za greda hazifichi kitu:
mlango wa bluu, benchi la kuuzia nyanya,
karatasi za rangi walizobandika wajukuu kwa ajili ya sikukuu.
Nikainua kisu kidogo, kama anayetaka kusahau,
halafu nikakishusha,
maana nyuma kulikuwa na mabasi kumi na moja
na ndani ya mojawapo mtoto analia kwa sauti iliyokauka.
Kichuguu kikakaa mlangoni pake hadi kwenye kitasa.

Njia ikafunguka.
Yakapita na kuku wao kwenye buti, na magunia, na usingizi.
Hakuna aliyepunga mkono, wala sikungoja.
Nilikuwa natazama dirisha la Bi Nyanjura,
ambako kwanza lilitoka jembe,
kisha ndoo,
kisha yeye mwenyewe, mguu mmoja, halafu wa pili,
gauni la kanisani limefungwa kiunoni.

Hakunitukana. Afadhali angetukana.
Aliinama akaanza kuulima mlango wake
kama anapalilia mpunga wa mtu mwingine.
Nikazima injini, nikashuka na koleo.
Hatukusalimiana.
Baadaye sana akasema, bila kuinua kichwa:
"Mwaka jana ulilipeleka kwa Kweyamba."
"Ndiyo."
"Hata kanisani hakuja."
"Ndiyo."

Tukachimba.
Upande wa ziwa meli ikapiga honi, moja, ndefu,
ikiwaita wa Nansio.
Na juu ya mawe, ambako bado kulikuwa giza,
wingu jingine likakohoa.