Kisanduku

Muhumba, mvua ya alfajiri haijakata.
Bwana Cirhuza ananionyesha butoni nyekundu
kama mtu anayemshitaki mtoto:
"Naibonyeza, inanguruma, sekunde kumi, inakufa.
Juma zima naoga kwa birika."

Nimezima umeme. Hata hivyo
bisibisi yangu imeziuliza waya mara mbili.
Mazutu yapo. Pua ya kichomeo nimeipangusa.
Cheche inaruka, buluu, nzima.
Na lile jicho dogo linalochungulia moto
nimelisugua kwa ncha ya shati;
linaona kunishinda.

Basi ni wewe, kisanduku.
Uliambiwa moto upo, ukakataa.

Kipya nimekivusha Ruzizi
chini ya fungu la sombe,
kimenukia majani hadi huku.
Waya saba. Nimeziandika kwa wino kiganjani:
kahawia, buluu, nyeusi
inayojifanya kahawia gizani.

Nabonyeza.
Feni. Kimya.
Cirhuza anahesabu kwa Mashi, midomo tu.
Kisha vuuu, sakafu inatetema.
Amefika kumi. Kumi na moja.
Anaendelea, hathubutu kuacha.
Thelathini na kitu hivi, mkewe Nsimire
anachukua birika bila kusema neno
na kulirudisha kwenye chai.

Cha zamani nimeondoka nacho mfukoni.
Usiku, Kadutu, nimekifungua kando ya taa:
ufa kwenye risasi, mwembamba kama unywele.
Huo tu.
Nimeutazama mpaka ugali ukapoa.