Maji Yasiyo na Waridi

Nafagia kaburi la mfalme kwa mshahara wa serikali,
mimi Basavva, mjane,
na pilipili zangu nazianika hapo hapo kibarazani pake
kwa kuwa jiwe la sultani hushika jua kuliko paa langu.
Wageni huuliza, huyu alikuwa nani?
Nawaambia: hesabuni kwanza mnachokiona.
Kuba, nusu. Nusu ya pili ililala chini
mwaka ule wa radi, nyanya yake nyanya yangu hajaolewa.
Popo, wengi.
Mwarobaini, mmoja, umeotea ufani mwa ukuta
na hakuna aliyeupanda.

Aliitwa Kamranbakhti. Alitaka buluu
ambayo anga la Dekani likiitazama lione haya.
Akaagiza mafundi kutoka Kashani, miezi saba njiani,
na mkuu wao, Ustadhi Farrukhzadi,
akasaga kobalti mpaka kucha zikawa buluu,
akasema: rangi ninayo, Bwana wangu; ujira je?
Akajibiwa: kesho.
Kesho ikazaa kesho, kesho ikapata wajukuu.
Mlinda lango naye akaambiwa kesho,
na mlisha ndovu, na mchoma chokaa,
hata siku majeshi ya kaskazini yalipopiga hema ng'ambo ya mto
lile lango kubwa, lenye misumari ya kuwatisha ndovu,
halikuvunjwa.
Lilifunguliwa.
Kwa ufunguo, taratibu, bawaba zimetiwa mafuta.

Mfalme akatokea tundu la maji machafu,
akalala kifudifudi ndani ya mkokoteni, chini ya mabua ya mtama.
Husemwa aliye juu mngoje chini.
Watu wa kwetu hawakumngoja, walikuwa wanavuna.
Alifika tu, usiku, mlangoni kwa Sidappa,
kilemba cha mkulima kichwani, vumbi hadi kwenye kope,
na angepita, naapa angepita,
ila mke wa Sidappa alimchotea maji kwa kata,
naye akapiga funda moja, akakunja uso, akauliza:
"Mbona hayana waridi?"

Hata ng'ombe waliacha kucheua.

Nani alikwenda kusema? Kwetu hilo halisimuliwi.
Nyanya akifika hapo huchukua ungo, akaanza kupepeta.
Washindi walimzika kwa ngoma na ubani
ndani ya kuba lake ambalo chokaa haijakauka.
Maiti humpa heshima kila mtu;
haiombi kodi.

Na vigae? Muulizeni Bwana Kulkarni wa idara ya mambo ya kale,
aliyekuja juzi na daftari na kipaza sauti
akitutaka turudishe mali ya taifa.
Tulimtazama kwa adabu.
Kimoja kipo juu ya meko ya Irawwa, kinameremeta kwa samli.
Vitatu vimesakafia hori la nyati.
Mtoto wa fundi baiskeli ndiye pekee aliyepeleka chake,
akapewa peremende na stakabadhi.
Stakabadhi bado anayo.

Changu sikukitoa. Kina maandishi, nami sisomi.
Mwalimu alikiinamia, akakifuta kwa kiganja,
akasema ni jina, limekatika: "...bakhti."
Maana yake, akasema, ni bahati,
kisha akacheka, kisha akaona vibaya kucheka.
Nimekitia chini ya mtungi ili usiyumbe.

Mtungi wa udongo hutoka jasho usiku.
Joto la mwezi wa tano likininyima usingizi
namsikia chini pale akipokea,
tone,
halafu kimya kirefu,
halafu tone:
maji ya kisima chetu, yana chumvi kidogo,
na haulizi kitu.