Daftari la Oili

Niliitia filta nukta ya rangi ya kucha,
nyekundu, upande usioonekana,
kisha nikampelekea fundi Mwaringa gari, pale Barani.
"Tayari, mama. Oili mpya, filta mpya."
Akapokea elfu nne na mia tano,
akafuta mikono kwa tambara, akaniombea safari njema.
Nyumbani Muyeye nikachungulia kwa tochi:
nukta yangu ilikuwa pale pale,
inang'aa kwa petroli aliyoipangusia.

Sikurudi kugombana.
Nilikwenda duka la vipuri nikanunua
spana ya kumi na nne, filta ndani ya kiboksi chake,
lita nne za oili, na wosha ya shaba
ndogo kama pete ya mtoto.
"Fundi wako ni nani?" akauliza mwenye duka.
"Huyu," nikajigusa kifua.
Akanirudishia chenji huku akichungulia nyuma yangu,
huenda fundi mwenyewe amesimama mlangoni.

Gari ni Probox, jeupe la zamani,
mwaka wa tatu huu linabeba mikate yangu ya hotelini,
viti vyote vinanuka hamira.
Nililipata Watamu kwa dalali; mwenyewe sikumwona.
Ila chini ya kiti cha dereva aliacha daftari,
kurasa zimelainika kwa mafuta,
mwandiko wa mtu asiye na haraka:

*121,040. Oili na filta. Mvua, nimefanyia kibarazani.*
*126,100. Oili tu. Filta imekuwa karo.*
*131,950. Nimechelewa. Injini inisamehe.*
*137,000. Oili na filta. Dama kashika tochi, leo haogopi mende.*

Kisha kurasa tupu.

Jumapili, mikate imeshafika,
nililiwasha dakika tano oili ilegee
(ushauri huo uko kwenye jalada, umepigiwa mstari mara mbili),
nikaliinua kwa jeki, nikaweka magogo mawili ya mkwaju,
maana jeki nayo ni fundi, huiamini ukiwa mbali.
Kuingia chini si kazi.
Kutoka, na nyonga hizi, ndiyo ngoma.
Mama Nyevu akatokeza kichwa juu ya ukuta:
"Jirani! Limekuangukia?"
"Bado!"

Nati ikagoma. Spana ikateleza,
ngozi ya kidole ikabaki kwenye chuma.
Nikakumbuka unga mgumu wa alfajiri,
haukandwi kwa hasira, hukandwa kwa uzito.
Nikaulaza mwili wote kwenye mpini.
Kwi!
Ikazunguka, ikanidondokea kiganjani,
na nyuma yake uzi mweusi, wa moto,
ukanipita kiwiko hadi kwapani
kabla sijalisogeza beseni.

Nililala pale nikitazama.
Uzi ukawa matone,
matone yakawa machache,
tone la mwisho likafikiri sana kabla ya kudondoka.
Ilikuwa nyeusi tii, na kilomita zangu zote zimo:
mashimo ya kwenda Gede, foleni ya sokoni,
ile siku niliyompeleka mama hospitali nikarudi peke yangu.

Haikumwagwa mchangani.
Kisima chetu kina chumvi, yamtosha.
Tsofa, mtoto wa Mama Nyevu, aliyeshika tochi
na kuniuliza maswali yote isipokuwa la maana,
akaibeba kwa dumu hadi kwa babake
apake nguzo za banda,
mchwa wakatafute riziki kwingine.

Nikakaza filta kwa mkono, nikamimina mpya.
Kijiti nikakichomoa, nikakifuta, nikakizamisha, nikakichomoa:
rangi ya chai ya rangi,
katikati ya alama mbili.
Usiku nikatandika gazeti chini ya injini.
Alfajiri nikalichukua kabla ya kuwasha jiko.
Kavu.

Nikalifungua daftari ukurasa wa mwenyewe,
mwandiko wangu ukaonekana mkubwa, wa kelele:

*148,212. Oili, filta, wosha.*
*Tochi kashika Tsofa. Mende hakutokea.*
*Gari halivuji. Kinachovuja ni kidole.*