Kazi ya Kuficha Waya

Filamu ikija Matrah naitwa mimi kwanza,
kabla ya nyota, kabla ya farasi, kabla ya mpishi wao.
Mimi fundi umeme, na kazi yangu ni kuficha.
Viyoyozi navivika magunia,
mita nazifunika kwa mapipa ya tende yasiyo na tende,
madishi nayashusha darini, yanalala chali kama kaa.
Ikifika alfajiri mtaa umerudi nyuma miaka mia
na mimi nina ujira wa siku tatu mfukoni.

Mwaka wa kwanza tulikuwa Basra.
Mwaka wa pili, mji fulani wenye tauni:
walimwaga majivu ngazini, wakamlaza Humud muuza ubani
afe, kwa riali tano. Alikufa vizuri.
Alikufa mara kumi na moja, kila mara akikohoa zaidi,
hata mkewe akapiga kelele dirishani: basi,
huyo ana pumu ya kweli!
Kisha tukawa mji wa majasusi, jina halikutajwa.
Paka wa Bi Rayya alikatiza mbele ya kamera,
wakampenda, wakataka akatize tena.
Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyekataa kuigiza.

Mama mdogo, Bi Thuwaiba, huwekewa kiti kivulini.
Kazaliwa Malindi, ile ya Unguja, husisitiza,
akafika huku kwa kupitia Dubai, msichana,
mwaka ambao hautaji.
Mwelekezi akipaza sauti, "Kat!"
yeye huitika, "Kata iko jikoni, mwanangu,"
akampelekea maji.
Miaka yote hiyo hajui maana yake,
au anajua, na anatucheza shere.

Tumekuwa miji tisa, nimehesabu.
Matrah, bado.
Ukumbini kule Ruwi tulikaa safu ya nyuma
tukinong'onezana: ukuta wa Nasor ule!
ngazi iliyonivunja jino ile!
na chini ya picha likapita jina la nchi ya watu.
Tulipiga makofi hivyo hivyo.

Mwaka jana walikuja wakiitaka Unguja.
Walishusha mlango wa mbao nyembamba,
misumari ya plastiki iliyopakwa rangi ya shaba,
wakaubandika ukutani, mkabala na kwa mama mdogo.
Ukungu wa kuta wakauchora kwa sifongo.
Alishuka. Aliuzunguka kama anayenunua mbuzi.
"Baraza iko wapi?"
Hapakuwa na baraza.
"Sasa watu watakaa wapi wakingoja habari?"
Wakamjengea, ya masanduku na saruji ya uongo,
na kwa kuwa alishaikalia
wakamwambia aigize: kijana anasafiri, wewe unamuaga.
Mwambieni alie kidogo, mkalimani alisema.

Hakulia.
Alimtengeneza yule kijana ukosi wa shati.
"Umekula?" alimuuliza. "Kula. Huko hujui utakula lini.
Ufunguo usimpe mtu. Usimpe mtu, unanisikia?
Sisi tulimpa mtu."
Kijana, mtoto wa Sohar, hajui neno la Kiswahili,
aliitika kwa kichwa, machozi yakamtoka yeye.
Kamera ikazunguka, ikazunguka.
Mwelekezi kakaa kinywa wazi.
Siku ile hakuna aliyeomba maji.

Nimeshavirudisha viyoyozi, madishi yako juu.
Filamu haijatoka; nasikia
kipande chake kimeondolewa, kirefu mno.
Mlango walitaka kuung'oa. "Uacheni," alisema,
nao wakauacha.
Jua la Juni limeiyeyusha misumari,
ukiusukuma unakutana na ukuta wa Nasor.
Juzi aliniita, akaniagiza niufungie kengele.
Nimeifunga. Inalia.
Waya wake sikuuficha.