Vigezo na Masharti

Nilikuja nayo nimeifunga kwenye kanga,
redio ya marehemu baba, ya betri nne,
kifuniko kimeshikwa na mpira wa kandambili,
eriali ni waya wa kutundikia nguo.
Darasa la sita B, Konde:
watoto sitini na wawili, madawati kumi na tisa.
"Leo," nikawaambia, "mwalimu ni huyu."
Wakacheka. Redio ikakoroma.

Tukangoja taarifa za vifo zipite
(hata Mbarouk alinyamaza kwa adabu),
kisha ikaja sabuni.
Ilikuja na ngoma, na mama anayecheka peke yake,
na swali: Je, umechoka na madoa sugu?
Nikazima. "Nani kachoka?"
Mikono yote ikaruka juu,
na nusu yao hawajapata kufua hata leso.

Basi hapo tulianzia.
Swali kwanza, nikasema;
mtu akikujibu moyoni
ameshavua viatu mlangoni kwako.
Taja kitu kimoja, usitaje kumi.
Na nyamaza pale unapotaka usikike.
Hili la kunyamaza liliwashinda wiki nzima.

Kazi ya nyumbani: uza kisichotakiwa.
Mbarouk akauza jogoo wa jirani
awikaye saa nane za usiku, saa isiyokula betri.
Time Kombo akauza tundu la paa letu,
mwanga wa bure, maji yasiyo na bili;
mwalimu mkuu alikuwa dirishani,
hakujua acheke au aandike barua.
Hidaya akauza ukimya wa bibi yake.
Katikati akasahau maneno, akasimama tu,
na sisi tukanunua.

Wote walimalizia vilevile bila kuambiwa,
kwa pumzi moja, kama mtu apitaye penye mbwa:
vigezonamashartikuzingatiwa.
Nikauliza maana yake.
Shaame, ambaye hasemi, akasema:
"Ndipo wanapotia ukweli, Mwalimu.
Ndiyo maana wanaukimbiza."

Hilo halikuwamo kwenye andalio langu la somo.

Karafuu zikaanza kupiga wekundu.
Madawati yakapata pumzi.
Kila mwaka husema yaleyale, skuli kwanza,
na kila mwaka pishi hunishinda.
Jumatatu Shaame akaja mbele, si zamu yake,
kopo la maziwa mdomoni:

"Je, Mwalimu, umechoka
na mwanafunzi anayesinzia kwenye hesabu?
Yuko mmoja hapa.
Huchambua makonyo mpaka taa iishe mafuta.
Mpe wiki mbili.
Atarudi na macho makavu
na daftari alilonunua mwenyewe."

Akanyamaza. Kule kunyamaza nilimfundisha mimi.

Kisha polepole, neno kwa neno,
kama anayeshuka tawi kwa tawi na pakacha begani:
"Vigezo. Na masharti.
Baba alianguka msimu uliopita.
Mti ni uleule.
Kwetu sasa mwepesi ni mimi."

Hakuna aliyepiga makofi.
Mimi nilikuwa na kumi za kumjibu:
sheria, mtihani, kamati, mustakabali wako mwanangu.
Moja sikuwa nayo.

Alasiri nikaenda kwao, tangazo langu kichwani.
Mama yake alikuwa jamvini, mikono ndani ya karafuu.
Je, nikaanza, umechoka kutazama juu?
Ninaye mpwa wangu Mtambwe,
ana miaka ishirini na mitatu, miguu kama ya kima.
Yeye apande. Shaame abaki chini,
aje kwenye makonyo baada ya skuli.

Akanisikiliza mpaka mwisho.
Hakuinua uso.
"Na masharti yake, Mwalimu?"

Ulimi ulitaka kukimbia.
"Nusu ya kila pishi," nikasema,
taratibu, "ni yake."

Akatenga konyo moja, akalitupa pembeni.
"Ehe," akasema.
"Sasa ndiyo nakusikia."