Kidole cha Mwisho

Bibi yangu, Time binti Shaame, hakuwa na huruma.
Msimu wa karafuu, ukumbini kwake Mtambile,
sote tukichambua, kucha zimeingia weusi,
alituuliza: "Leo tulipe nani?"
Nasi, wa miaka sita, saba,
tukamtajia. Mchoyo. Mtoro wa chuoni.
Zimwi likaja, likaanzia miguuni.
Bibi alitafuna kwa sauti, mifupa tukaisikia.
Kisha akatutuma mmoja mmoja kizani
kumwaga makonyo nyuma ya nyumba.

Baba alirudi na masomo ya Unguja, akasema basi,
mnawatia watoto wazimu.
Pale pembeni alipokuwa akikaa zimwi
akatundika taa ya umeme.

Mimi nilikwenda mbali zaidi.
Nilikaa kamatini, Chake Chake, chumba cha feni moja,
vitumbua, chai ya maziwa, kalamu nyekundu.
Kisima kilichommeza Mkasi tukakitia kifuniko.
Fisi tukamfundisha kula mchicha.
Mama wa kambo tukamwita shangazi,
halafu tukaona bora tumfute.
Na zimwi, ukurasa wa kumi na nne, nalikumbuka,
tukalitia maneno ya kuomba radhi, likaomba.
Mchoraji akalivisha kanzu,
akaliachia meno mawili, tena ya kuchekea.
Nikatia saini. Nilirudi nyumbani mwepesi,
kama niliyefukuza nyoka kisiwa kizima.

Mfunguo Nne, Asaa wa jirani. Homa, siku tatu.
Dawati moja na Riziki wangu.
Jeneza la msikiti ni moja, la watu wazima;
lilipita mlangoni likicheza kwa wepesi
juu ya mabega ya wanaume watano.
Tukamwambia mtoto: Asaa kasafiri.
Alinitazama kama mtu aliyefunua kawa
akakuta sahani tupu.

Usiku akaniletea kitabu changu,
chenye jina langu nyuma, kwa herufi ndogo.
Akakipekua hadi mwisho, akarudi mwanzo.
"Humu hamna anayekufa."
Hamna, mwanangu.
"Basi Asaa hayumo."

Nikaanza vibaya. Nikakohoa.
Zimwi langu lilikuja na kanzu yake,
ikabidi nilivue kwanza.
Likameza mmoja. Riziki akanisogelea, magoti ya baridi.
Likameza wa pili.
"Na mwengine," akaniamrisha.
Nikameza kijiji.

Mwisho, kama kwa Bibi, kikakatwa kidole cha mwisho
na watu wakatoka, na mbuzi, na vinu, na mwadhini,
ila mtoto mmoja.
Kila mwaka Bibi alimwacha mmoja ndani.
Tulimlilia amtoe, akachukua ungo akaondoka.
Nilikuwa mtu mzima niliposikia
kwamba alizika wawili kabla ya baba.

Riziki aliwahesabu waliotoka, kwa vidole,
akarudia, akabakisha kimoja kimekunjwa.
"Huyu namjua," akasema.
Akalala hivyo hivyo, hakukikunjua.